Mlango wa Kifukofuko

Kipo kisa ambacho nimekisikia mimbarini, kwenye mahafali, katika semina za ujasiriamali na katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na kila kinapoanza najihisi kama mtu anayemsikia mgeni akikosea jina la mama yake mbele za watu. Kijana mmoja, husema msimulizi, alimwona kipepeo akihangaika kutoka katika kifukofuko chake. Akamwonea huruma, akachukua mkasi, akapanua tundu. Kipepeo akatoka bila shida, lakini mabawa yake yalikuwa yamesinyaa na hakuweza kuruka mpaka alipokufa, kwa sababu ile tabu ya kujipenyeza ndiyo ambayo ingesukuma maji kutoka mwilini mwake na kuyaingiza katika mabawa. Hapo msimulizi hunyamaza kidogo, watu huguna, na mafundisho kuhusu faida za shida huanza.

Sina ugomvi na mafundisho hayo, ingawa nimegundua kwamba hupendwa zaidi na watu ambao shida zao zimekwisha. Ugomvi wangu ni wa mdudu. Vipepeo walio wengi hawafumi kifukofuko chochote. Nyumbani kwetu Tanga palikuwa na mlimau nyuma ya jiko, na juu yake waliishi viwavi ambao wakiwa wachanga walifanana kabisa na mavi ya ndege, weusi wenye baka jeupe, kisha wakikua wakawa wa kijani na wanene. Ukimgusa mmoja alichomoa nyuma ya kichwa kitu kama pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali iliyokaa vidoleni hadi wakati wa chakula. Siku yake ilipofika, kiwavi alijibandika mkia kwenye kijiti, akajizungushia uzi mmoja wa hariri kiunoni na kuuegemea kama fundi wa umeme anavyoegemea mkanda wake juu ya nguzo, kisha akavua ngozi yake ya mwisho. Kilichobaki kilikuwa pupa uchi, yaani mdudu aliyetulia ndani ya gamba akigeuka kuwa kipepeo, kwenye jua na mvua, mlinzi wake akiwa ni kufanana kwake na jani. Hapakuwa na chumba cha kutokea wala ukuta wa kukatwa kwa mkasi.

Nilimshuhudia akitoka mara moja tu, asubuhi moja nilipotumwa kuchuma malimau na nikarudi mikono mitupu. Gamba lilipasuka nyuma ya kichwa, naye akatoka kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuvaa viatu. Alipokwisha kutoka mabawa yake bado yalikuwa madogo na yamekunjamana kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Alipanda juu ya kijiti, akaning'inia, na hapo ndipo yakaanza kujaa polepole mpaka yakanyooka. Kwa hiyo maji husukumwa baada ya kutoka, na anachohitaji kipepeo saa hiyo ni nafasi ya kuning'inia bila kuguswa. Msimulizi akitaka funzo na atafute kwenye hilo la kutoguswa.

Kifukofuko, kwa maana yake halisi, ni nyumba. Pupa ni mwenye nyumba. Wafumaji wake ni viwavi wa nondo wengi, wakiwamo wale wa hariri, pamoja na wadudu wengine kadhaa kama nyigu na aina nyingi za sisimizi, ambao vifukofuko vyao vyeupe watu huviona wakifukua udongo na kuviita mayai. Jina lenyewe nalipenda. Mfuko ukiufanya mdogo unapata kifuko, na kifuko ukikitamka mara mbili unapata kitu kinachofanana na kifuko bila kuwa kifuko hasa, kwa utaratibu uleule uliotupa kizunguzungu na kimulimuli. Wafaransa, ambao Waingereza waliazima neno lao, walilitoa kwenye neno la kusini mwa nchi yao lenye undugu na ganda la yai. Naona tofauti hapo. Yai halifunguki mpaka livunjwe, ilhali mfuko una mdomo, na aliyeushona alijua kwamba iko siku kilichomo kitatolewa.

Pupa nalo ni jina lililotuletea kichekesho. Vitabu vya sayansi vililichukua kutoka Kilatini kupitia Kiingereza, wala havikujali kwamba Kiswahili kilikuwa na pupa yake tayari, ile ya mtu anayekula kabla hajakaribishwa. Matokeo yake, kiumbe asiyekula, asiyetembea na asiye na haraka yoyote duniani anaitwa kwa jina la ulafi wa haraka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee, na nadhani yule kijana wa mkasi ndiye aliyekuwa na pupa mbili, moja mkononi na nyingine moyoni.

Kifukofuko cha kweli nilikishika kwa mara ya kwanza Lushoto, kwa shangazi yangu. Aliwahi kushawishika kupanda miforosadi kwenye ngazi za shamba lake la mteremkoni na kufuga viwavi wa hariri, baada ya mnunuzi mmoja kupita kijijini na kuahidi kwamba atanunua kila kitakachofumwa. Nilikwenda kumsaidia likizo moja. Viwavi hao wakiwa katika umri wao wa mwisho hula usiku na mchana, na chumba chao kilikuwa na sauti ya mvua ya rasharasha juu ya majani ya migomba, kiasi kwamba usiku wa kwanza nilitoka nje kuanua nguo zangu. Katika muda wa takribani mwezi mmoja kiwavi huvua ngozi mara nne, na uzito wake huongezeka hadi kufikia kama mara 10,000 ya ule aliozaliwa nao. Kisha ghafla hukataa chakula, mwili wake huanza kupitisha mwanga kama zabibu, naye huinua kichwa kutafuta pembe ya kujishikiza.

Shangazi aliwaandalia vichaka vya vijiti vikavu. Nilikaa kwenye kigoda nikimwangalia mmoja akianza kazi. Hariri hutoka kama majimaji kwenye tezi mbili, hupita kwenye tundu dogo chini ya mdomo na kuganda inapovutwa, naye huivuta kwa kuzungusha kichwa katika umbo la tarakimu nane, mara kwa mara, bila kupumzika. Mwanzoni unamwona waziwazi, kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Baada ya saa kadhaa unaona kivuli chake tu. Siku ya pili au ya tatu humwoni tena, ila ukisogeza sikio unahisi kwamba ndani bado mtu anapaka lipu. Uzi wote ni mmoja usiokatika, na mara nyingi hufikia mita 900 au zaidi, wote ukiwa umetoka ndani ya mwili wa kiumbe anayelingana na kidole changu kidogo, aliyeacha kula na asiyerudishiwa chochote. Hapa ndipo picha yetu ya kifukofuko kama kitanda laini cha starehe inapoanza kunitatiza, kwa sababu anayelala humo amejenga kuta zake kwa kujipunguza mwenyewe.

Mnunuzi alikuwa amesisitiza kwamba vifukofuko visiguswe, kwa kuwa angevichukua vikiwa vibichi na kuvitia mvuke mwenyewe. Sababu ya mvuke ni biashara. Ndani ya wiki mbili hivi pupa huwa nondo, na nondo hutoa majimaji yenye kimeng'enya kinacholainisha hariri, akajisukuma nje na kuacha tundu. Tundu moja hukata ule uzi mrefu katika vipande visivyohesabika, na kifukofuko kilichotobolewa hakiwezi tena kuvutwa uzi. Kinafaa kuchambuliwa na kusokotwa kama pamba, kwa bei ya chini. Ndiyo maana hariri tunayoisifia kwenye mavazi ya harusi hutoka, karibu yote, kwenye vifukofuko ambavyo wenyewe hawakuachwa watoke.

Siku ya sita mnunuzi hakuja. Siku ya nane simu yake iliita bila kupokelewa, na siku ya kumi haikuita kabisa. Tulijaribu kujiokoa kwa kuchemsha vichache. Maji ya moto huyeyusha gundi inayoshikanisha nyuzi, kisha unavikorogakoroga kwa ufagio wa chelewa mpaka ncha ya uzi inase. Niliuona uzi kwa sababu tu ulimeta ulipopita mbele ya dirisha. Kidoleni ulikuwa kama utando wa buibui uliokataa kukatika. Tuliuzungusha kwenye chupa ya soda, vifukofuko vinne kwa pamoja, maana mmoja peke yake haufai kitu, navyo vikarukaruka ndani ya sufuria kama samaki walionaswa, vikizidi kuwa vyembamba mpaka pupa wa kahawia wakaonekana ndani yake, wamekwisha kufa. Harufu yake sitaieleza. Baada ya saa mbili tulikuwa na hariri ya kutosha kufunga kidonda, na shangazi akazima moto.

Siku chache baadaye, kabla ya mapambazuko, nondo walianza kutoka. Weupe, wanene, wamefunikwa na manyoya, walitapakaa kwenye vichaka wakitetemesha mabawa. Nilikuwa bado na kisa cha mimbarini kichwani, nikasubiri waruke. Hawaruki. Nondo huyu wa hariri amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, tangu kule China, na uwezo wa kuruka umempotea; wala hana mdomo wa kulia chakula. Anatoka, anatafuta mwenzake, jike linataga mayai mia kadhaa, na ndani ya siku chache wote wamekufa. Shangazi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akihesabu hasara, akasema, "Angalau hawa wametoka." Sijui kama alikuwa anajifariji au anamsema mnunuzi.

Jambo la mnunuzi na tarehe limewakuta wengine pia, si mbali na hapo. Upande wa pili wa Usambara, wanavijiji wa Amani walifuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa kwa ajili ya bustani za maonyesho za ng'ambo, kama wanavyofanya tangu 1993 majirani zao wa Kenya wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mradi uliopewa jina la Kipepeo. Biashara hiyo inawezekana kwa sababu pupa ndicho kipindi ambacho mdudu huyu hutiwa kwa urahisi zaidi ndani ya sanduku na kupandishwa ndege. Mwaka 2016 Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, vipepeo nao wakaingia katika katazo hilo. Pupa haelewi katazo. Siku yake ikitimia anapasua gamba, liwepo soko lisiwepo.

Tangu likizo ile ya Lushoto nimekuwa nikiangalia kila kifukofuko kwa swali moja: mwenyewe atatokea wapi? Majibu ni mengi kuliko nilivyotarajia. Wapo nondo wa Ulaya wenye madoa kama macho mabawani ambao viwavi wao hufuma kifukofuko chenye mdomo uliofungwa kwa nyuzi ngumu zilizoelekezwa nje na kukutana ncha. Anayesukuma kutoka ndani zinampisha, na anayesukuma kutoka nje zinambana. Mtu wa pwani hahitaji mchoro ili aelewe. Hilo ni dema, ule mtego wa samaki, lililogeuzwa, lenye mlango wa kutoka na lisilo na mlango wa kuingia. Ajabu ni kwamba mlango huo hufumwa na kiwavi, ambaye hajawahi kuwa na mabawa, kwa ajili ya nondo ambaye bado hayupo.

Kamongo, samaki wa matope, hutokea kwa maji. Wale wanaoishi kwenye madimbwi yanayokauka hujichimbia, hujikunja na kujifunika kwa utando wa ute unaokauka na kuwa kama karatasi, wakiacha upenyo mdogo mdomoni wa kupumulia, kisha husubiri miezi mingi hadi mvua irudi. Kwa muda mrefu utando huo ulidhaniwa kuwa kanga tu ya kuzuia maji yasipotee. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba una chembehai za kinga zinazonasa bakteria, yaani kifukofuko chenyewe ni askari.

Na yupo ambaye hatoki kabisa. Bila shaka umewahi kumwona kwenye mgunga au kwenye ua, kiwavi anayetembea na mfuko wake wa hariri uliobandikwa vijiti vilivyokatwa sawasawa, kama mzigo mdogo wa kuni. Dume likikomaa huota mabawa na kuondoka. Jike, katika aina nyingi za wadudu hao, halioti mabawa. Hubaki ndani ya mfuko, dume hulifuata humohumo, hutaga humohumo na kufa humohumo. Kwake kifukofuko ni nyumba ya maisha, na hakuna mhubiri aliyewahi kumtungia kisa.

Nimeleta mifano hii kwa sababu matumizi ya neno hili kwa mafumbo yamevurugika. Wahamasishaji hutuambia tutoke katika vifukofuko vyetu, wakimaanisha starehe na woga, kisha dakika kumi baadaye wanatusimulia kwamba aliyemtoa kipepeo kabla ya wakati alimuua. Tuchague basi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ya Ireland iliwaagiza watu wenye umri wa zaidi ya miaka 70 wabaki majumbani, na jina rasmi la agizo hilo likatokana na kifukofuko. Nia ilikuwa njema. Lakini kifukofuko hufumwa na anayekaa ndani yake, naye ana tarehe. Wazee wale walifumiwa na wengine, na kwa wiki kadhaa hawakujua siku ya kutoka. Madaktari walilitumia vizuri zaidi. Kwao kumjengea mtoto mchanga kifukofuko ni kuwachanja wazazi na ndugu wanaomzunguka dhidi ya kifaduro, kwa sababu yeye mwenyewe bado ni mdogo mno kupewa chanjo hiyo, ambayo kwetu dozi yake ya kwanza hutolewa akiwa na wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Bibi zetu, bila kliniki, walimweka mama na mtoto ndani kwa siku 40, wakachuja wageni mlangoni.

Arobaini si peke yake. Fungate, ambalo jina lake ni la zamani kwa maana ya saba. Mwali anayewekwa ndani na kungwi wake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Eda ya mjane wa Kiislamu, miezi minne na siku kumi. Nadhani Kiswahili hakikuhitaji sana fumbo la kifukofuko, kwa kuwa kilikuwa na vyumba halisi, kila kimoja na jina lake, muda wake na mtu wake wa kukaa mlangoni. Najua pia kwamba si kila aliyewekwa ndani alipenda, na wapo wasichana ambao uwali uliwatoa shuleni moja kwa moja. Dema hubaki dema kwa aliye ndani yake asipoulizwa. Lakini mama yangu alipokaa eda ya baba, niliona upande mwingine. Alining'iniza kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na kitanda na kukata siku kwa kalamu nyekundu. Alikula kidogo na kuongea kidogo, na majirani walikuja kukaa naye bila kudai mazungumzo. Mwezi wa tatu kaka yangu alimshauri aje Dar es Salaam abadilishe mawazo. Akamjibu, "Mwanangu, niache nihesabu." Siku ilipotimia alioga, akavaa kanga mpya, akatoka hadi barazani na kuuliza bei ya samaki.

Hakutoka mtu mwingine, kama mafumbo ya mabawa yanavyopenda kudai. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliwahi kuwafunza viwavi wa nondo wa tumbaku kuikwepa harufu fulani kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme kila waliponusishwa. Ndani ya pupa sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa na kujengwa upya, hata mtu angedhani hakuna kinachobaki. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliofunzwa katika umri wao wa mwisho waliendelea kuikwepa harufu ileile wakiwa nondo. Mama pia, hadi leo, harufu ya sigara aliyovuta baba ikipita barabarani husimama kidogo kabla ya kuendelea na safari yake.

Louis Pasteur alipotumwa mwaka 1865 kusini mwa Ufaransa kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukimaliza viwavi wa hariri, alipitia kwanza Avignon kwa mtaalamu wa wadudu Jean-Henri Fabre. Fabre alisimulia baadaye kwamba mgeni wake, mwanasayansi mashuhuri tayari, alikuwa hajawahi kukishika kifukofuko. Alikitikisa karibu na sikio, akasikia kitu kikigonga, akauliza kama ndani mna kitu. Huko Kalahari, kusini mwa Afrika, Wasan walikwishaujua mlio huo. Vifukofuko vigumu vya nondo wa porini walivijaza vijiwe au vipande vya ganda la yai la mbuni, wakavifunga miguuni kama njuga za kuchezea ngoma, ilhali ng'ombe wa nchi hizo huvila wakidhani ni maganda ya mgunga, na hariri isiyosagika huwaziba tumbo hadi wakafa.

Mimi ninacho kimoja cha shangazi juu ya meza ninapoandika, kati ya vile vilivyotobolewa. Ni cheupe, chepesi kuliko karanga, na upande mmoja kina tundu lenye ukingo wa kahawia, mahali nondo alipojisukuma. Ukichungulia huoni kitu. Lakini nikikitikisa sikioni bado kinalia, kwa sababu aliyetoka aliacha vitu viwili humo: gamba la pupa na, chini yake, ngozi ya kiwavi iliyokunjwa, ndogo kama kipande cha karatasi ya sigara.